Si Jini, Mwavita

Mwanangu Mwavita,

Salamu nimekupa kwa kinywa tangu asubuhi, sina haja ya kuzirudia kwenye karatasi. Mambo ya safari nayo tumeyamaliza. Unga umo kikapuni, chumvi nimeifunga kwenye jani, na mwenye kamio ya pamba amekubali kesho ukae mbele karibu na dereva, si juu ya magunia. Hayo hayaandikiwi barua.

Naandika kwa sababu kuna neno moja limenishinda kulitamka mbele yako. Unanijua mimi ni mwanamke wa maneno mengi. Hapa sokoni Kasongo wanasema ukitaka kununua karanga zangu uje umekwisha kula, maana utasimama hapo mpaka miguu ife ganzi. Lakini leo mara tatu nimekuita uketi, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama umefunga kikapu. Basi nimekaa mlangoni, jua bado lipo, naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha baba yangu, ambazo wewe unazisoma vizuri kuliko mimi. Isome leo hii, kabla hujaondoka, kwa sababu humu mna jambo ambalo ni lazima uliamue ukiwa bado nyumbani. Kisha uichukue uende nayo Kabambare.

Unakumbuka ujumbe wa Mama Amisi, yule mganga wa Kabambare, aliouleta yule muuza chumvi mwenye baiskeli. Alisimama pale pale mlangoni akausema kama alivyotumwa: "Mama Amisi anasema mutoto arudi, nafasi iko. Lakini asirudi na mama yake, na asirudi na jini. Aje na neno ya kweli. Akikuja bila neno, hatamupokea tena." Wewe ulidhani neno hilo unalo wewe. Siku nne nakuona umeshika tama, unajiuliza ulimficha nini yule mama. Hukumficha kitu chako, mwanangu. Neno ninalo mimi.

Wewe huna jini. Hukuwahi kuwa na jini. Una ugonjwa wa pombe, wa lutuku, na ugonjwa huo nilikupa mimi kwa mkono wangu, ukiwa na miaka saba.

Najua unakumbuka baadhi ya mambo. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto akikumbuka kitu ambacho mama yake anakikana kila siku, mwisho anajishuku mwenyewe. Kwa hiyo nitakisimulia chote, mahali penye aibu nisiparuke.

Baba yako alipelekwa kutengeneza barabara, akarudi na kikohozi, na mvua za mwaka ule hazikuisha kabla hatujamzika. Nikabaki na wewe, na shamba la pamba la serikali ambalo ni lazima lilimwe, uwe mjane usiwe mjane. Sitaki kujificha nyuma ya pamba. Wajane mtaani kwetu tulikuwa wengi. Wengine walisuka mikeka, wengine walikaanga mandazi, na watoto wao leo ni wazima. Mimi nilichagua lutuku kwa sababu ina wanunuzi kila siku, na kwa sababu nilijiona mjanja.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya Lualaba ndiye aliyenionyesha kazi. Mahindi na muhogo unaviacha mpaka vichachuke, unavichemsha kwenye chungu kilichozibwa kwa udongo, mvuke unapita ndani ya bomba lililolazwa kwenye maji baridi, na upande wa pili yanatoka matone. Polisi wakikukuta ni gereza. Na mimi nilikuwa na hofu kubwa kuliko ya gereza, maana mtaa wetu ni wa watu wa msikiti na baba yangu alikuwa mwadhini. Binti wa mwadhini anapika lutuku! Kwa hiyo nilipika Ijumaa, saa ya sala. Wanaume wote wako msikitini, polisi Waislamu nao wako msikitini, kila nyumba inatoa moshi wa chakula, na moshi wangu unapotea katika moshi wa wenzangu. Miaka yote ile hakuna aliyenishuku. Nilikuwa najisifu peke yangu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kujisifia kwake.

Shida ilikuwa moja. Ukali wa lutuku unaujua kwa moto. Unamwaga kidogo juu ya jiwe, unawasha, ikiwaka vizuri basi ni kali. Lakini moto haukuambii kama imeungua chunguni, kama ina ladha ya masizi. Hilo linataka ulimi. Na mimi nilikuwa nimeapa kwamba pombe haitagusa kinywa changu mpaka naingia kaburini. Kupika, nilijiambia, ni kazi ya mkono tu, kunywa ndiko haramu. Unaiona akili hiyo? Nilitaka kusimama mbele ya Mungu na mdomo safi, na mikono nimeificha mgongoni.

Ijumaa chuo cha Kurani kilikuwa kimefungwa, nawe ukawa nyumbani. Ulikuwa unapenda kukaa karibu na beseni la maji baridi, unachezea mapovu. Nikakutazama, nikakumbuka alichotufundisha baba yangu: mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi, kalamu ya malaika imesimama juu yake. Mwavita, niliona kama nimefunguliwa mlango. Nikachovya kijiko nikakupa.

"Iko namna gani?" nikakuuliza.

Ulikunja uso. "Inachoma, mama."

"Inachoma kama pilipili ao kama moshi?"

"Kama pilipili."

"Basi ni muzuri."

Nikacheka, nikakupa kipande cha muwa uondoe ukali. Sikuona kwamba nimefanya kitu. Niliona nimetatua tatizo.

Ikawa kila Ijumaa. Sikujua hata kwamba yale matone ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote, wenye kazi yao huyamwaga. Hayo ndiyo niliyokuwa nikikupa. Baadaye kijiko kikawa kikombe kidogo cha kahawa, kwa sababu ulimi wako ulizidi kuwa hodari. Ulianza kuniambia, "Mama, ya leo bado, uongeze moto." Wanunuzi wakasema Kasongo nzima hakuna lutuku kama ya ua wangu. Nikajivunia ulimi wako kama mama mwingine anavyojivunia mtoto aliyehitimu Kurani. Siku moja ya Jumatano, ulikuwa na miaka kama tisa, ulikuja jikoni ukaniuliza, "Leo si Ijumaa?" Nikakuambia bado siku mbili. Ukakaa chini ukalia. Nikasema mtoto ana njaa, nikakupikia uji.

Ulipovunja ungo nilikaa nawe kama kila mama anavyokaa na binti yake. Nikakuambia sasa kalamu imeanza kuandika, kuanzia leo lutuku ni haramu kwako. Nilidhani kitu nilichokupa miaka sita naweza kukikata kwa neno moja. Wiki ile ulitetemeka mpaka kitanda kikalia, ulitapika, ukaona wadudu ukutani ambao mimi sikuwaona. Niliwaambia majirani ni homa. Kisha nikaona chupa zangu zinapungua, nikajiambia ni panya. Panya, Mwavita. Panya anayefungua kizibo na kukirudisha.

Mwaka uliofuata nikaacha kupika, bomba nikalitumbukiza chooni, nikajiona nimetubu. Wewe ulikuwa umekwisha kuzijua nyumba nyingine zinazopika.

Tukakuoza Nyangwe, kwa kijana mwenye mtumbwi wake na nyavu zake. Sikumwambia kitu. Siku alipokurudisha, mwanao Riziki akiwa mgongoni mwako hata shingo hajakaza, hakutuma mtu, alikuja mwenyewe. Aliketi mkekani kwa adabu.

"Mama mukwe," akasema, "mutoto wako simuchukii. Lakini anakunywaka lutuku. Nimemufichia kwa ndugu zangu mpaka nimechoka."

"Mutoto wangu mimi? Wa nyumba ya mwadhini? Ni nyinyi mumemuroga kule kwenu."

Alinitazama. "Mama, wewe unajua," akasema.

Nilimfukuza kwa matusi ambayo uliyasikia. Mpaka leo sijui kama alimaanisha kwamba najua, au alikuwa ananiuliza. Hakuwa mtu mbaya. Nilikuambia ni mtu mbaya ili mbaya nisiwe mimi.

Ndipo tukaanza kutafuta mganga. Kosa la kwanza nililifanya kwa ujinga. Hili la pili nililifanya kwa akili timamu, na siku nyingine naona ndilo kubwa.

Tulianza kwa Mwalimu Juma, rafiki wa baba yangu. Aliniuliza, "Anakunywaka kitu?" Nikasema, "Maji tu, Mwalimu." Basi akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaziosha, akakupa kombe unywe siku saba. Maskini mzee wa watu, alifanya kazi yake kwa moyo safi, akamtibu jini ambaye hayupo. Siku ya tano nikainusa chupa ya kombe, nikakuta umetia lutuku. Nikapiga kelele kwamba jini amekufuru, amechezea maneno ya Mungu. Wewe ulisema polepole, "Mama, ni mimi." Nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nilikuziba kweli, si kwa maneno. Nilihisi meno yako.

Kisha dispensari. Yule infirmie, muuguzi wa pale, aliangalia mikono yako inavyotetemeka, akaangalia macho, akavuta kiti akakaa mbele yako, akakuuliza unakunywa nini, akangoja mpaka ukamnong'oneza. Akasema, "Mama, hii si malaria. Hii ni pombe, tena ya siku mingi. Asiikate mara moja, anaweza kufa. Mumulete kila siku, tutapunguza pole pole, na mimi nitazungumuza naye." Tulizunguka muda wote ule tukitafuta mtu wa namna hiyo, na alikuwa hapo, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu. Mimi nikasimama mbele ya mstari wa wagonjwa wote nikasema, "Sisi ni Waislamu. Hatukunywaka pombe." Nikakuvuta mkono tukatoka. Nikamsema mtaani kwamba ni Mkristo anayetudharau, na kwa sababu yangu wanawake wengine waliacha kupeleka watoto wao kwake. Nyani haoni kundule.

Mwisho tukaenda Kabambare. Wanawake wanaoleta mchele walinieleza habari za Mama Amisi, kwamba alikuwa mlevi miaka kumi, anasema bila haya, na kwamba anapokea wanawake wa namna hiyo uani kwake. Mchana wanalima karanga, jioni anakaa na mmoja mmoja wanazungumza. Dawa zake ni chache, majani machungu ya tumbo na ya usingizi. Nilikata tamaa nilipoona hana hata pembe wala hirizi. Niliona tumetembea bure.

Unaikumbuka desturi yao. Kabla mgonjwa hajapokelewa, ndugu zake wanasimama mbele ya watu. Kila mmoja anasema alichonacho moyoni juu ya mgonjwa, kinyongo au kosa, kisha anatia maji kinywani na kuyatema chini, kuonyesha kwamba kinywa kimebaki kitupu. Mama Amisi alianza na wewe.

"Siku gani inakuumiza zaidi?"

"Ijumaa," ukasema.

"Saa gani?"

"Saazile watu wanaenda kusali."

"Kwa nini Ijumaa?"

Ulinigeukia. Mwavita, macho yale sitayasahau. Hukuwa unanishtaki. Ulikuwa unaniomba ruhusa.

"Ni jini ya Kiislamu," nikasema haraka. "Anaheshimu Ijumaa."

Wanawake wakacheka. Mama Amisi hakucheka. Akaniletea kibuyu cha maji. Nikasema mbele ya wote, "Mimi siko na neno juu ya mutoto wangu," nikatia maji kinywani, nikatema. Aliyaangalia yale maji mpaka udongo ukayanywa.

"Maji imetoka," akasema. "Neno imebaki."

Hata hivyo alikupokea, nami nikarudi Kasongo nikiwa na raha, nakiri, raha ya mtu aliyeepa. Wiki tatu baadaye ukarudi. Uliniambia alikufukuza, lakini mmoja wa wale wanawake wa mchele alinipa maneno yake kamili: "Mutoto huyu anachunga mulango ya mutu mwengine. Nikimuuliza, anasimama mbele ya mulango. Siwezi kumuponya nikiwa inje." Wiki tatu ulikaa mbele ya mtu anayeweza kukusaidia, ukamnyima habari zako ili unifiche mimi. Mtoto ndiye aliyemlinda mama. Nilielewa siku ile ile, na bado nikanyamaza miezi mitano.

Ikaja siku ya mguu wa Riziki. Ulilala karibu na mafiga mchana, naye alikuwa ndiyo anaanza kutembea, akakanyaga makaa. Uliposhtuka na kuona, hukulia, ulimweka mtoto mikononi mwangu ukatoka mbio. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni ndio waliokushika, maji yakiwa yamekufika kifuani. Nilipofika nikakupiga kofi mbele yao, nikasema unaniaibisha. Mtu anataka kufa, mama yake anawaza aibu. Wewe ukasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mama, mimi siko na jini. Nimechoka kumubeba."

Tangu siku ile sina usingizi na wala sistahili kuwa nao. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Sikujua kwamba anayeficha anaweza kuwa mmoja, na kifo kikamfuata mwingine.

Sasa nikuambie nililojifunza kwa hao watatu, na ni haba. Nilikuwa napima mganga kwa vitu alivyotundika ukutani na kwa jinsi anavyonitisha. Anayenipa adui wa kumchukia, huyo nilimwona bingwa. Mwalimu Juma hakukufaa kwa sababu nilimpa uongo, si kwa sababu ya kombe lake. Wale wawili waliokufaa walifanana kwa kitu kimoja, walikuuliza wewe, si mimi, kisha wakangoja jibu. Ukikutana na mtu anayekuuliza na kungoja, kaa hapo hata kama hana kitu mkononi. Na mtu akikuambia habari zako kabla hujafungua mdomo, ondoka, hata kama ni mimi.

Si kila siku utampenda Mama Amisi. Utamchukia siku atakapoligusa lile linalouma. Ukimwona hakufai baada ya kujaribu kwa kweli, si dhambi kutafuta mwingine, wala si kumtukana. Lakini usimkimbie kwa kuwa amesema kweli, hiyo ilikuwa desturi yangu.

Na huenda ukaanguka. Sisemi kwa kukuombea mabaya. Mama Amisi mwenyewe alituambia alianguka mara nyingi kabla ya kusimama. Ukianguka, mwambie siku ile ile, usinunue uongo wa kufunika. Mwili hujifunza ulevi, lakini uongo ndio uliotuponza sisi.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda mahali pawili. Kwanza kwa Mwalimu Juma. Nilimwambia yote, Ijumaa, kijiko, miaka sita, na ule uongo wa maji tu. Alivua kofia yake akaiweka magotini.

"Na mimi nikamuandikia kombe," akasema. Kisha akasema, "Mutoto haandikiwi zambi, ni kweli. Lakini zambi haipoteake, binti yangu. Inaandikwa kwa mwenye kumupa."

Nilijua. Nadhani nilijua tangu kijiko cha kwanza, ndiyo maana nilicheka.

Kisha dispensari. Nilisimama kwenye mstari kama wengine, na ilipofika zamu yangu nikasema mbele yao, kwa sauti, kwamba mimi ndiye niliyempikia mtoto wangu lutuku na kwamba infirmie alisema kweli nami nilimsingizia. Hakunisamehe kwa maneno wala hakunitukana. Aliuliza sasa unakunywa kiasi gani kwa siku, nikamwambia ninachojua, akaandika karatasi kwa mwenzake wa dispensari ya Kabambare. Imo ndani ya barua hii. Mpelekee huyo mwenzake siku unapofika, kabla mwili haujaanza kutetemeka, maana kukata ghafula ni hatari. Mama Amisi hatakasirika. Ukakae naye kwa ajili ya moyo, na uende dispensari kwa ajili ya mwili, kimoja hakimfukuzi mwenzake.

Kwa hiyo kesho ukitoka na hakuna jirani wa kukuaga, usidhani wamekuchoka wewe. Habari zimekwisha kuzunguka. Mke wa jirani yetu ameanika nguo zake upande wa pili wa ua ili asinitazame. Polisi nao wanaweza kuja, bomba halipo lakini mdomo wangu upo. Wakija nitasema.

Jambo la kuamua ni Riziki. Tulipanga abaki kwangu. Sasa umesoma, na una haki ya kujiuliza kama unaweza kumwacha mwanao kwa mikono hii. Sitakujibu mimi. Mke wa Mwalimu Juma amekubali kumchukua mpaka urudi, naye atamfunga dawa mguuni kila asubuhi. Ukipenda abaki kwangu, mwache amelala mkekani kwangu. Ukitaka aende kwa mke wa Mwalimu, mfunge mgongoni kesho alfajiri uende naye moja kwa moja, usinipitie kunieleza. Sitakufuata nyuma. Nitaumia, na maumivu hayo ni yangu, usiyabebe.

Msamaha sikuombi. Nikiuomba leo, utanipa, nakujua. Utanipa ili nilale. Halafu utafika Kabambare umebeba na usingizi wangu juu ya mzigo wako. Uweke kwanza. Siku ukiwa mzima uamue kama unao au huna, na ukiwa huna usiseme unao.

Mama Amisi hajui kusoma, kwa hiyo barua hii utamsomea wewe, mbele ya wale wanawake waliocheka. Usiruke mahali, hata pale pa kukuziba mdomo, hapo ndipo usiparuke kabisa. Ukimaliza atakuuliza kama kawaida yao, nani alikupa kikombe cha kwanza, na utatakiwa kutaja jina. Hapa Kasongo hakuna anayeniita jina langu tangu ulipozaliwa. Mimi ni Mama Mwavita sokoni, Mama Mwavita msibani, hata leo wanaonisema wanasema Mama Mwavita alipika lutuku, na jina lako linaingia katika kosa ambalo si lako. Usiseme Mama Mwavita, mwanangu. Sema hivi:

Zaina binti Selemani.